Karatasi, kitabu, kisanduku au nyimbo: ipi imfae mzee mwenye demensia?

Ukifanya kazi ya kea, yaani kuwatunza wazee kwenye nyumba wanazoishi pamoja huko Uingereza, iko siku meneja atakuita ofisini akwambie uandike hadithi ya maisha ya wakazi wa upande wako wenye demensia, ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na fahamu. Mara nyingi siku hiyo huja wiki chache kabla wakaguzi hawajapiga hodi. Utapewa fomu ya kurasa kadhaa, au daftari lenye jalada la maua, au utaambiwa tu uombe picha kwa familia. Wengi wetu tuliokuja baada ya Februari 2022, viza ya afya ilipofunguliwa kwa watunzaji wa kawaida, tulifundishwa kumnyanyua mtu kwa mashine, kujaza chati ya maji na kumgeuza mgonjwa kitandani. Hili la hadithi tuliachiwa tujibunie wenyewe.

Njia ziko kadhaa na kazi zake hazifanani: ukurasa mmoja, kitabu cha maisha, kisanduku cha vitu, orodha ya nyimbo, na siku hizi kumbukumbu za kwenye tableti. Nitazilinganisha, lakini msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda aondoke nao. Kama una nafasi ya kufanya kimoja tu, andika ukurasa mmoja. Kama mzee bado anaweza kusimulia, anza kitabu naye wiki hii hii, usingoje familia ilete picha. Kama maneno yamekwisha, achana na kitabu, nenda kwenye nyimbo na vitu vya kushika. Tableti iwe ya mwisho.

Kipimo changu ni hiki: saa moja asubuhi, mkazi hataki kuogeshwa, na aliye naye chumbani ni mtu wa wakala, yaani wa kukodishwa kwa zamu, aliyeingia jengo hilo leo kwa mara ya kwanza. Je, ulichoandika kitamfikia kabla hajaanza kumvua nguo? Hadithi nzuri iliyofungiwa kabatini ofisini haijamsaidia mtu.

Wazo lenyewe si la jana. Hadi miaka ya 1960 wataalamu wengi wa Magharibi walimwona mzee anayerudiarudia habari za ujanani kuwa ni mtu anayeporomoka, wa kubadilishiwa mazungumzo. Mwaka 1963 Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika kwamba kule kurudi nyuma ni kazi halali ya uzeeni: mtu anayapitia maisha yake kabla hayajaisha. Miaka ya 1990 Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa huko Bradford, Uingereza, akaisogeza hoja upande wa demensia: mgonjwa hubaki mtu, na wanaomzunguka ndio wanaoushikilia au kuubomoa utu wake kwa namna wanavyomtendea. Ukihudhuria leo mafunzo ya demensia Uingereza unakutana na Kitwood, hata kama mkufunzi hamtaji jina.

Ukurasa mmoja

Alzheimer's Society ya Uingereza, shirika la watu wenye demensia, ikishirikiana na Royal College of Nursing, chama cha wauguzi, inatoa kijitabu kiitwacho "This is me". Ni cha bure, unakipakua na kukichapa, na hospitali nyingi za huko zinakijua. Kinauliza mtu anapenda kuitwaje, nani ni wa karibu naye, nini kinamfadhaisha, nini kinamtuliza, anakulaje, analalaje, anasikia na kuona vipi. Nyumba nyingine zina ukurasa wao wenyewe. Hapo hakuna tofauti kubwa. Tofauti iko kwenye kalamu ya anayejaza.

Nimesoma kurasa nyingi zilizoandikwa hivi: "Anapenda muziki. Anaipenda familia yake. Ni mtu mchangamfu." Hayo unaweza kuyabandika kwenye mlango wowote wa nyumba nzima na yakawa kweli. Ukurasa unaosaidia unasomeka hivi, tuseme ni wa mama wa pwani:

"Muite Mama Rehema. Msalimie kwanza, kisha ngoja aitikie ndipo umguse. Aogeshwe na mwanamke tu. Anatawadha kabla ya kila sala. Asipoona maji anadhani amefungiwa. Kichwa chake kisiachwe wazi, hata kitandani. Chai ya maziwa yenye tangawizi, kikombe kizito, si cha plastiki. Saa tisa alasiri husimama mlangoni akitaka kwenda kuwachukua watoto shuleni: usimwambie watoto ni watu wazima, tembea naye hadi dirishani, muulize leo wamebeba nini kula."

Mistari kama kumi tu, na yule wa wakala ameshajua ya kumtosha zamu nzima. Nusu ya mistari hiyo ni historia, lakini historia iliyogeuzwa maelekezo. Hakuna haja ya kujua mwaka aliozaliwa mtoto wa tatu. Kuna haja ya kujua kwamba saa tisa ina maana yake.

Upungufu wa ukurasa ni kwamba unachakaa haraka. Mwezi wa tatu alikuwa anashika kikombe mwenyewe, mwezi wa tisa anahitaji kunyweshwa. Usipoandika tarehe juu, msomaji hajui kama anasoma habari za leo au za mwaka juzi. Tena hauwezi kubeba mazungumzo. Ukikaa na mkazi jioni huwezi kuufungua ukurasa huo mkaangalia pamoja; ni karatasi inayomhusu yeye lakini imeandikwa kwa ajili yako.

Mahali pa kuuweka ni ndani ya mlango wa kabati la nguo, usawa wa macho. Nje ya mlango wa chumba, hapana: mambo ya kuoga na ya choo ya mtu mzima hayatangazwi koridoni. Nakala ya pili ikae kwenye faili linaloondoka naye akichukuliwa na ambulansi, maana huko mapokezi ya dharura ndiko asikojulikana na mtu.

Kitabu, na swali la nani anakitengeneza

Kitabu cha maisha ndicho watu wengi wanachokifikiria wakisikia hadithi ya maisha: picha, maelezo chini yake, kuanzia kijijini au mtaani alikozaliwa hadi wajukuu. Uamuzi mkubwa hapa si wa karatasi wala jalada. Ni kama utakitengeneza pamoja naye, kwa vikao, au familia itakitengeneza nyumbani na kumletea kama zawadi.

Kuna utafiti mdogo uliofanywa Wales na watu wa Chuo Kikuu cha Bangor, ukachapishwa 2014, uliolinganisha njia hizi mbili ana kwa ana. Wakazi 23 wa nyumba za wazee, wenye demensia isiyo kali sana, waligawanywa. Kundi moja lilifanyiwa vikao 12 vya mtu mmoja mmoja, wakapitia maisha yao hatua kwa hatua, na kitabu kikatokana na vikao hivyo. Kundi la pili lilipokea kitabu kilichotengenezwa na ndugu bila wao kushiriki. Vikao vilipokwisha, waliosimulia walikuwa na hali bora ya maisha, na kumbukumbu zao za maisha yao zilikuwa bora pia. Lakini wiki sita baada ya kila mtu kuwa na kitabu mkononi, tofauti ile ilikuwa imefutika: waliopewa zawadi nao walikuwa wamepanda. Na kwa makundi yote mawili wafanyakazi waliwafahamu wakazi vizuri zaidi kuliko mwanzo.

Watu 23 ni wachache, na mimi siwezi kukuambia ujenge nyumba juu ya watu 23. Ila matokeo yale yanakubaliana na ninayoyaona kazini kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine yanaacha jambo ambalo vipimo havilioni. Kitabu cha zawadi kinafanya kazi. Usimdharau mkwe aliyekesha akibandika picha. Lakini kitabu cha zawadi kinaeleza mtu jinsi familia inavyopenda aonekane.

Katika mji mmoja wa katikati ya England nilimhudumia bibi wa Kigujarati. Faili lilisema amezaliwa Uganda, lugha Kigujarati na Kiingereza kidogo. Mkaza mwana wake alikuwa amemletea kitabu kizuri kweli: harusi, mahafali ya wajukuu, safari ya hekaluni India, kila picha na jina chini. Bibi alikuwa na tabia iliyowasumbua wafanyakazi wakati wa chakula. Alishika pindo la kitambaa cha meza kwa dole gumba na cha shahada, akalikunja, akalisukuma mbele kidogo kidogo kwa mkono wa pili, mpaka sahani zikaanza kutembea. Wakawa wanamwondolea kitambaa. Akawa analia.

Siku moja nilikuwa na mwenzangu wa Kakamega tukimsaidia kusimama kwenye fremu ya kutembelea, nikamwambia mwenzangu pole pole. Bibi akadakia: "Pole pole, haraka ya nini?" Kiswahili chake kilikuwa cha dukani, cha Jinja, hakina ngeli, lakini kilikuwa kinatiririka. Tukaanza kukaa naye baada ya chai. Yakatoka ambayo hayamo kitabuni: duka la baba, mpishi aliyemfundisha kuchagua ndizi za matoke, halafu Leicester, kiwanda cha sweta, mashine ya ovaloki, miaka na miaka ya kusukuma pindo chini ya sindano. Mkaza mwana alipoulizwa alicheka kwa aibu kidogo. Kwao kazi ya kiwandani ilikuwa kitu cha kupitia, si cha kuwekwa kwenye albamu.

Tukamletea vipande vya nguo avikunje kabla ya chakula, na kitambaa cha meza kikarudi.

Ndiyo maana nasema kama mtu bado anasimulia, hata kwa vipande, hata kwa kurudia, anza naye. Familia iongeze, isahihishe tarehe, ilete picha, lakini mlango wa kwanza uwe mdomo wa mwenyewe. Vikao visiwe virefu: nusu saa inatosha, na saa nzuri ni baada ya chai ya asubuhi, si jioni ambapo wengi wao huchanganyikiwa. Andika maneno yake kama yalivyotoka. Akisema "tulikuwa na miembe mitatu na mmoja ulikuwa na wazimu", usiigeuze ikawa "alikulia kwenye nyumba yenye bustani".

Na ukimwonyesha picha usimuulize "unamkumbuka huyu?" Huo ni mtihani, na akifeli ataumia mbele yako. Sema wewe: "Huyu naona ni kaka yako, amevaa suti." Akiwa na la kuongeza ataongeza.

Mambo ya fundi, kwa haraka: tumia faili la pete ili ukurasa uweze kutolewa au kuongezwa. Picha ziwe nakala, asili zirudi kwa familia, maana kitabu kitamwagiwa chai na kitapotea angalau mara moja. Picha moja au mbili kwa ukurasa. Herufi kubwa, nyeusi juu ya nyeupe. Kama ni mwanamke wa Kiislamu na picha za harusi zinamwonyesha bila mtandio, uliza kabla hujakiweka kitabu sebuleni ambako wahudumu wa kiume wanakaa. Nimeona familia ikiondoka kwa hasira kwa jambo hili tu, na ilikuwa na haki.

Hadithi isiyofaa kwa albamu

Yule bibi wa Jinja alitoka Uganda mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Zaidi ya watu 27,000 waliishia Uingereza, na wengi wakaenda Leicester ingawa baraza la mji huo lilikuwa limelipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus likiwaomba wasiende. Bibi alikuwa akilirudia tukio moja: vizuizi vya askari kwenye njia ya Entebbe, na bangili za mama yake. Familia ilisema liachwe, linamtonesha kidonda.

Hapa ndipo ukurasa na kitabu vinapoachana kabisa. Kwenye kitabu cha kuangalia sebuleni sikuliweka. Kwenye ukurasa wa wahudumu niliandika mstari mmoja: "Usimchukulie mkoba wake, hata kwa kuusogeza tu, muombe aushike yeye wakati unamhudumia." Sababu imeelezwa kwa maneno machache chini yake. Hakuna mtu anayehitaji kumsimulisha habari za vizuizi, lakini kila anayemgusa anahitaji kujua kwamba kuchukuliwa kitu mkononi kwake si jambo dogo.

Kuna la upande wa pili ambalo mafunzo hayaligusi. Wapo wazee wa Kiingereza waliotumikia jeshi Kenya wakati wa hali ya hatari, enzi za Mau Mau, 1952 hadi 1960, wengine wakiwa vijana wa miaka 18 waliopelekwa kwa lazima. Sasa wamepita miaka 85. Demensia inawarudisha kule, na anayewaogesha huenda ni mjukuu wa mtu aliyezungushiwa seng'enge kwenye kijiji cha dharura Nyeri. Akiitwa "boi" na mzee asiyejua tena huu ni mwaka gani, hadithi ya maisha itamweleza linatoka wapi. Haimlazimishi alivumilie. Maoni yangu ni kwamba habari ya namna hii iandikwe waziwazi kwenye ukurasa, ili anayepanga zamu ajue, na mfanyakazi akiomba kubadilishana na mwenzake asionekane mvivu.

Kuhusu ruhusa: England na Wales zinaongozwa na Mental Capacity Act ya 2005, sheria ya uwezo wa mtu kujiamulia, na msingi wake ni kwamba mtu anahesabiwa ana uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo muulize yeye kwanza. Wengine watakataa, na ni haki yao. Si kila mtu anataka maisha yake yawekwe kwenye faili. Mtoto aliyezaliwa nje, ndoa ya kwanza, kifungo: akikuambia siri hizo, hazijawa mali ya nyumba kwa sababu tu ulikuwa na kalamu mkononi.

Kisanduku

Kisanduku ni boksi la viatu lenye vitu vya kushika: kipimo cha fundi cherehani, leso, tasbihi, rozari, funguo za zamani, kipande cha sabuni ya kipande, karafuu kwenye mfuko wa kitambaa. Kinazidi kitabu pale macho yanapokuwa mabovu au maneno yamepungua, kwa sababu mkono na pua bado vinafanya kazi. Kinazidiwa na kitabu kwa kuwa hakijielezi: mhudumu mgeni akifungua anaona takataka. Weka kikaratasi ndani ya kifuniko kinachosema kila kitu ni nini.

Usalama ndio unaoamua kingi hapa. Kisiwe na kitu cha kumezeka, chenye ncha, wala dawa ya zamani iliyosahaulika kwenye mkoba. Vito vya thamani hapana. Weka vya bandia. Nyumba nyingine hutundika kisanduku chenye kioo kando ya mlango ili mkazi atambue chumba chake. Hicho ni kizuri kwa kumwongoza njia, lakini kwa kuwa hakishikiki, usikihesabu kuwa umemfanyia kazi ya kisanduku.

Nyimbo na sauti

Wakati kitabu hakimwambii kitu tena, muziki mara nyingi bado unamwambia. Watu wengi hukumbuka kwa nguvu zaidi mambo ya kati ya miaka 10 na 30 ya umri wao, na nyimbo za kipindi hicho ndizo za kutafuta. Shirika la Playlist for Life, lililoanzishwa Scotland mwaka 2013 na mtangazaji Sally Magnusson, limeieneza njia hii Uingereza: orodha ya nyimbo za mtu mmoja, zilizochaguliwa kwa hadithi yake.

Kosa la kawaida ni kuchagua kwa kabila au rangi. Mzee wa Kiafrika akapigiwa ngoma. Fanya hesabu kwanza. Aliyezaliwa Morogoro mwaka 1943 alikuwa kijana wakati Salum Abdallah na Cuban Marimba wanatamba. Mama wa Mombasa wa umri huo yawezekana ni wa taarabu ya Juma Bhalo, au ni wa kwaya ya kanisa, au ni wa nyimbo za filamu za Kihindi alizokuwa akizitazama kila Ijumaa, usikisie, uliza. Bibi wa Jinja alikuwa wa Mukesh na Lata, waimbaji wa filamu za Kihindi, na alikuwa akiimba ubeti mzima siku ambazo hakuweza kutaja jina la mwanawe.

Usiuchukue muziki kama dawa ya kila fadhaa. Jaribio kubwa lililofanywa kwenye nyumba 54 za wazee Marekani, kwa nyimbo za mtu binafsi, halikuonyesha kwamba fadhaa iliyoripotiwa na wafanyakazi ilipungua kwa kiasi cha kutegemewa. Hilo halinishangazi. Ukiweka hedifoni kichwani mwa mtu aliyebanwa na mkojo, atabaki amebanwa na mkojo. Muziki unafaa kabla ya jambo gumu: dakika ishirini kabla ya kuoga, au wakati wa kubadilishwa kitambaa cha kidonda. Tazama uso. Machozi si lazima yawe mabaya, lakini akisukuma hedifoni, toa. Na spika ya sebuleni inayopiga redio ya mji kutwa nzima haiingii kwenye ulinganisho huu.

Kwa bei, nyimbo ndizo nafuu kuliko vyote, na ndizo zinazohitaji kazi kidogo baada ya kupangwa. Kwa kina, ni za chini kuliko kitabu: zinamfurahisha mkazi lakini hazimfundishi mhudumu mpya chochote, isipokuwa kama chini ya kila wimbo umeandika ni wa wapi na wa nini.

Tableti

Kampuni zinakuja na programu za kuhifadhi hadithi: picha, video, sauti za wajukuu, vyote mahali pamoja. Kwa familia iliyotawanyika Toronto, Muscat na Dar es Salaam ni raha, kila mtu anapakia chake. Kwa mkazi, kioo kinachong'aa na kubadilika kinawachanganya wengi wenye demensia iliyokwenda mbali. Kwa mhudumu, kuna nywila, kuna chaji, kuna intaneti isiyofika ghorofa ya pili. Kipimo changu cha saa moja asubuhi kinaiangusha hapo hapo. Itumie kama ghala, kisha uchape.

Peke yake au kikundi?

Wengine watakuambia ufanye vikao vya kikundi sebuleni, unaokoa muda. Pitio kubwa la 2018 la Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, lilikusanya majaribio 22 ya tiba ya kukumbushana mambo ya zamani, yenye watu karibu 2,000, likakuta manufaa yapo lakini ni madogo na yanatofautiana kwa namna na mahali tiba inapofanyiwa. Jaribio la Uingereza la 2012 lililowaweka pamoja wagonjwa na ndugu wanaowatunza, jozi 488, halikukuta faida kwa mgonjwa, na ndugu wakaonekana na wasiwasi zaidi. Ndugu waliochoka kwa kuuguza wakikalishwa kila wiki kutazama alichokipoteza mzazi wao, sioni ajabu wakiondoka wamelemewa. Kikundi kiwe cha kuburudika, chenye chai na biskuti. Kazi ya kumjua mtu ifanywe na mtu mmoja kwa mtu mmoja.

Na aliyeko nyumbani, Tanga au Kisumu

Mengi niliyoyasema ni ya nyumba za wazee, lakini wazee wetu wengi wenye demensia wako majumbani, na anayewashika mkono kila siku ni dada wa kazi. Huko kitabu si cha haraka. Hadithi ya mama inajulikana na mtaa mzima. Mashoga zake wanaingia na kutoka, mwenye duka anamwita kwa jina la utani. Asiyejua ni dada aliyeletwa juzi kutoka bara, na baada ya miezi kadhaa ataondoka aje mwingine.

Kwa hiyo huko nako ukurasa ndio wa kwanza, kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe jikoni. Kama dada hasomi vizuri, mrekodie sauti kwenye simu, mambo mafupi mafupi, kila moja peke yake: moja ya kuoga, moja ya kula, moja ya usiku. Watoto walioko nje wanapenda kutuma ujumbe wa sauti wa dakika kumi wenye maelezo yote kwa mpigo. Dada hatausikiliza mara ya pili, na ungekuwa wewe usingeusikiliza. Nyimbo ziingizwe kwenye simu au redio ndogo ya flashi, isiyohitaji bando. Kisanduku hakihitajiki, maana nyumba nzima ni vitu vyake, mradi asitokee mtu wa kufanya usafi akatupa vikombe vya zamani. Kama kuna anayetaka kuandika kitabu, aanze na mashoga wa mama wakiwa bado hai. Wao wana ya usichana ambayo watoto hawakuwahi kuambiwa. Na namba ya simu ya kwanza kwenye karatasi ile ya jikoni iwe ya jirani wa mlango wa pili. Ya aliyeko London ifuate chini yake.